Bei ya Umeme Hupingwa Wapi?

Mwishoni mwa Desemba 2016, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji Tanzania, ilitangaza kuwa TANESCO, shirika la umeme la taifa, imeruhusiwa kupandisha bei ya umeme kwa wastani wa asilimia 8.53 kuanzia Januari 1, 2017. Shirika lilikuwa limeomba asilimia 18.19. Kabla mwaka mpya haujaingia, Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, akasitisha ongezeko hilo. Siku ya mwaka mpya Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba, na nafasi hiyo akaikaimu Dk Tito Mwinuka.

Wananchi walifurahi, na walikuwa na sababu. Mwenye mashine ya kusaga, mwenye saluni, fundi wa kuchomelea vyuma, wote waliingia Januari na bei ileile ya Desemba. Lakini kwa mtu anayetaka kujua namna ya kupinga bei ya umeme, kisa hiki hakimfundishi mengi, na kinaweza kumpotosha. Kilichozuiwa ni bei. Gharama zilizoorodheshwa kwenye maombi yale hazikuguswa: mafuta yaliyokwisha kuchomwa yaliendelea kudaiwa, mikataba ya kununua umeme iliendelea kusomeka vilevile, na umeme uliopotea njiani haukurudi.

Nashikilia kwamba bei ya umeme inapingwa kwenye gharama, na inapingwa kabla haijatangazwa. Mlango wa kufanya hivyo upo kisheria. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuujui, au tunaupita tukiwa na hoja isiyomlazimisha mtu yeyote kubadili chochote.

Tuanze na mlango wenyewe. TANESCO haina mamlaka ya kujipangia bei. Kwa Sheria ya EWURA, Sura ya 414, na Sheria ya Umeme ya 2008, shirika linapeleka maombi kwa mdhibiti, likieleza linahitaji fedha kiasi gani na kwa nini. EWURA haiwezi kuamua bila kwanza kuwasikiliza wadau, na kazi hiyo inaitwa taftishi. Tangazo linatoka kwenye magazeti, ukumbi unatajwa, na kikao kinakuwa wazi kwa kila mtu. Shirika linatetea maombi yake. Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo wengi wanalijua kwa jina la EWURA CCC, linasema kwa niaba ya watumiaji. Wenye viwanda huja na wataalamu wao. Kisha mtu wa kawaida anapewa kipaza sauti. Anayeshindwa kufika anaweza kupeleka maoni kwa maandishi, na maoni ya maandishi yana uzito uleule.

Historia inaonyesha kwamba maombi hupunguzwa. Mwishoni mwa 2011 TANESCO iliomba ongezeko la dharura la asilimia 155, na Januari 2012 ikapewa asilimia 40.29. Miaka miwili baadaye iliomba asilimia 67.87, ikapewa 39.19 kuanzia Januari 2014. Halafu ikaja ile 18.19 iliyokuwa 8.53. Ukizitazama tarakimu hizi haraka utasema mdhibiti anatulinda vizuri. Mimi nasita. Ukiombwa 155 ukatoa 40, aliyelipa ile 40 ameumia, na punguzo peke yake halithibitishi kwamba kilichobaki ni halali. Hatuwezi kujua bila kufungua majedwali ya gharama yaliyomo kwenye maombi.

Na majedwali hayo, ukiondoa lugha yake nzito, yanasema jambo jepesi. Chukua jumla ya fedha ambazo shirika linadai linahitaji kwa mwaka. Igawanye kwa uniti ambazo shirika linatarajia kuuza. Jibu ndilo bei ya wastani ya uniti moja. Baada ya hapo bei hiyo inagawanywa kwa madaraja ya wateja, wa majumbani wadogo, wa kawaida, wenye viwanda vya kati na vikubwa.

Kwa hiyo kuna namba mbili za kugombea, na wapingaji wengi huiona moja tu. Tuseme kwa mfano shirika linadai linahitaji shilingi trilioni moja na litauza uniti bilioni 5. Bei inakuwa shilingi 200. Lakini kama kwa kasi ya kuunganisha wateja litauza uniti bilioni 5.5, fedha zilezile zinapatikana kwa shilingi 182 hivi. Hakuna mtu aliyepunguziwa mshahara na hakuna nguzo iliyoachwa bila kusimikwa. Ni makadirio tu yaliyosahihishwa. Ukiingia kwenye taftishi, swali lako la kwanza liwe hilo: mmekadiria kuuza uniti ngapi, na mwaka jana mliuza ngapi?

Sasa twende kwenye ile trilioni. Sehemu kubwa ya gharama za shirika la umeme ni umeme wenyewe, yaani kuufua au kuununua. Hapa ndipo penye mambo, na hapa ndipo Tanzania imepata somo ghali kuliko yote.

Mwaka 1995 TANESCO ilisaini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, wa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, Dar es Salaam, unaotumia mafuta mazito. Mikataba ya aina hii ina malipo ya sehemu mbili. Moja ni ya umeme uliopokelewa. Nyingine ni ya uwezo wa mtambo, ile ambayo bungeni na mitaani ilizoeleka kama kapasiti chaji. Hii ya pili inalipwa kila mwezi mtambo ukiwa tayari, hata kama haujawashwa. Ni kama kukodi basi la harusi na dereva wake: likikaa limeegeshwa nje ya ukumbi siku nzima, mwenye basi anadai fedha yake kamili.

Malipo hayo hupangwa kutokana na gharama ya kujenga mtambo. Mtambo ukiwa ghali, malipo ya kila mwezi yanakuwa makubwa kwa miaka yote 20. TANESCO ilipoangalia kilichojengwa Tegeta ilikuta kwamba injini zilizofungwa si za aina iliyokubaliwa. Mkataba ulitaja injini za mwendo wa polepole, zilizofungwa zilikuwa za mwendo wa kati, ambazo ni za bei nafuu zaidi, ilhali bei ya mradi ilibaki palepale. Shauri likapelekwa kwenye baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, lile lililo chini ya Benki ya Dunia, na uamuzi wa 2001 ukashusha gharama iliyotambuliwa pamoja na malipo ya uwezo. Mtambo ukaanza kuuza umeme 2002.

Nakaa hapa kwa makusudi. Huo ndio upinzani wa bei uliofanya kazi, na safari hii mpingaji alikuwa shirika lenyewe. Waliopinga hawakusema bei ni kubwa mno tutaumia. Walikwenda wakatazama injini, wakasoma mkataba, wakasema: hii siyo mliyoahidi. Malipo yakashuka.

Mgogoro haukuishia hapo. Ulirudi tena, fedha zilizobishaniwa zikawekwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu, na zilipotolewa 2013 likazuka sakata la Tegeta Escrow. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilisoma ripoti yake bungeni. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, na Profesa Muhongo naye akajiuzulu uwaziri Januari 2015. Ndiye yuleyule aliyerudi wizarani mwishoni mwa 2015 na kusitisha ongezeko la bei mwaka mmoja baadaye. Mwananchi anayenunua umeme wa shilingi elfu mbili dukani anaweza kuona habari za akaunti na wasuluhishi wa nje hazimhusu. Zinamhusu kila mara anapoingiza tarakimu kwenye mita.

Jambo jingine kwenye gharama ya kufua umeme ni maji. Bwawa la Mtera likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na likishuka hadi mita 690 mitambo haitakiwi kuendelea kufua. Maji yanayotoka Mtera yanashuka hadi Kidatu na kufua tena umeme huko, kwenye kituo cha megawati 204. Mwaka wa mvua nzuri umeme huo karibu hauna gharama ya mafuta. Mwaka wa ukame, kama 2011, shirika linakimbilia mitambo ya kukodi inayokunywa mafuta, na ndiyo maana ya lile ombi la asilimia 155. Kwa hiyo maombi ya bei hubeba ndani yake utabiri wa mvua, hata kama neno mvua limeandikwa mara moja tu ukurasa wa katikati. Kama wameweka mafuta ya miezi 12 kwenye hesabu, mpingaji ana haki ya kuuliza kina cha Mtera kikoje leo na kwa nini miezi yote 12. Swali hilo linaweza kuondoa mabilioni kwenye jedwali. Kilio cha ukumbi mzima hakiwezi.

Kuna upotevu pia. Umeme hupungua ukisafiri kwenye nyaya ndefu na transfoma zilizochoka, na mwingine huibwa, mara nyingi kwa msaada wa vishoka, yaani mafundi wasio rasmi, wanaojua kuichezea mita. Katika miaka ile ya maombi makubwa upotevu wa TANESCO ulikuwa zaidi ya asilimia 15. Tufanye hesabu ya upotevu wa asilimia 17. Shirika linapata uniti 100, linauza 83, na gharama ya zote 100 inabebwa na hizo 83. Likishusha upotevu hadi 12 linauza 88, na gharama ya kupata kila uniti inayouzwa inashuka kwa karibu asilimia 6. Linganisha na ile 8.53 iliyoleta tafrani ya mwaka mpya. Mdhibiti ana uwezo wa kuweka kiwango cha upotevu anachokitambua na kusema kinachozidi hapo ni mzigo wa shirika. Kama mtu angeniruhusu kugombea tarakimu moja tu kwenye maombi yote, ningegombea hiyo, kwa sababu inampunguzia mteja bei na inamlazimisha meneja wa wilaya kufanya kazi yake.

Madeni hayahitaji maelezo marefu. Machi 2017, akiwa Mtwara, Rais Magufuli aliagiza TANESCO ikate umeme kwa kila anayedaiwa, taasisi za serikali zikiwemo. Deni la Zanzibar pekee lilitajwa kuwa shilingi bilioni 121. Mwenye LUKU hawezi kuwa na deni la umeme hata akitaka, kwa sababu analipa kwanza ndipo anapata. Anapoombwa aongeze bei na shirika ambalo wadaiwa wake wakubwa ni wizara na taasisi za umma, ana haki ya kutaka orodha ya wadaiwa iwekwe mezani kabla ya jambo lingine.

Tuangalie na risiti, kwa sababu si kila shilingi inayokatwa pale ni ya shirika. Mteja wa kawaida wa nyumbani, daraja la T1, kwa bei ya shilingi 292 iliyoanza Aprili 2016, akinunua umeme wa shilingi 10,000 anapata uniti 28 na kidogo. Risiti inasema umeme wenyewe ni shilingi 8,196.72. VAT ya asilimia 18 ni 1,475.41. REA, ya kupeleka umeme vijijini, asilimia 3, ni 245.90. EWURA, asilimia 1, ni 81.97. Tangu Agosti 2021 kuna na kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi kupitia mita hiyohiyo, ikianza na shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi ya jengo na VAT haziamuliwi kwenye taftishi. Zinaamuliwa bungeni, wakati wa bajeti, na malalamiko yake yapelekwe kwa mbunge. Nimesikia watu wakimaliza muda wao wote wa kipaza sauti kwenye kodi ya jengo, na mdhibiti akaitikia kwa kichwa na kuendelea na mwingine.

Daraja nalo lina uzito kuliko asilimia inayotangazwa. Mteja mdogo wa D1 alipangiwa shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza kwa mwezi, na shilingi 350 kwa zinazozidi. Ndiyo asili ya ile 9,150 ambayo kila mwenye nyumba ndogo anaikumbuka: uniti 75 pamoja na tozo zake. Sasa fikiria ungeambiwa bei haijapanda hata senti, ila uniti za bei nafuu zimepunguzwa kutoka 75 hadi 40. Asilimia iliyotangazwa ni sifuri, lakini kwako mzigo ni mkubwa. Kenya yalitokea mambo ya namna hiyo Aprili 2023. Pamoja na bei mpya, kikomo cha wateja wa kundi la chini kilishushwa kutoka uniti 100 hadi 30 kwa mwezi. Nyumba yenye friji ndogo na televisheni ikajikuta kwenye kundi jingine bila kuongeza hata taa moja. Anayepinga aulize kwanza mipaka ya madaraja, ndipo aulize asilimia.

Kenya wana jambo jingine la kujifunza kwao. Mwaka 2021 kikosi kazi cha rais kilichoongozwa na John Ngumi kilipitia mikataba ya kununua umeme, kikaona kwamba wazalishaji binafsi walitoa kama asilimia 25 ya umeme lakini walichukua kama asilimia 47 ya fedha za kuununua. Januari 2022 bei ilishuka kwa asilimia 15. Ahadi ilikuwa punguzo la asilimia 33, na nusu ya pili haikufika, kwa sababu ilitegemea wenye mikataba wakubali kuilegeza. Hata rais alikwama palepale. Mkataba ukishasainiwa, kilichobaki ni kubembelezana au kwenda usuluhishi, kwa hiyo upinzani wa bei ya mwaka 2040 unafanyika leo, mkataba unapopelekwa kwa mdhibiti kuidhinishwa.

Turudi 2017. Bei iliyozuiwa haikupanda, na 292 ikaendelea kutumika miaka iliyofuata. Lakini fedha zilitoka mahali pengine. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, lilijengwa kwa fedha za serikali, zaidi ya shilingi trilioni 6, yaani kodi, ikiwemo ya mkulima asiye na waya wa umeme nyumbani. Ada ya kuunganishiwa, iliyokuwa imeshushwa hadi shilingi 27,000, Januari 2022 ilirudi kuwa 320,960 kwa mteja wa mjini aliye karibu na nguzo. Aliyekwisha kuunganishwa alilindwa, na aliyekuwa anajenga nyumba yake ya kwanza akabebeshwa. Sisemi serikali ilikosea kujenga bwawa kwa kodi. Naona ilifanya vyema kuliko kusaini mikataba mingine ya mitambo ya mafuta. Ila uamuzi wa nani alipe ulifanyika bila ukumbi, bila jedwali, na bila mtu wa D1 kuulizwa.

Ndiyo maana siridhiki na upinzani unaotegemea waziri mwenye huruma. Waziri anaweza kusitisha leo, mwingine akaruhusu kesho, na katika hali zote mbili hakuna aliyejibu kwa nini umeme unapotea au kwa nini wizara hailipi.

Wala si kila ongezeko ni la kupingwa. Transfoma ya mtaa iliyozidiwa mzigo hainunuliwi kwa maneno, na shirika lisilo na fedha hutulipisha kwa njia ya mgao: friji la samaki linayeyuka, jenereta linanunuliwa, kiwanda kinapunguza zamu. Mpingaji anayekataa kila kitu humpa mdhibiti sababu ya kutomsikiliza. Anayesema hili la nguzo na transfoma nalikubali, lile la mafuta ya miezi 12 nalikataa kwa sababu hizi, anaacha kitu kwenye kumbukumbu ambacho lazima kijibiwe kwenye uamuzi.

Hoja ya maisha magumu isiachwe. Ni kweli, na anayeamua bei anapaswa kuisikia kwa sauti ya mama lishe mwenyewe. Lakini ifungwe kwenye tarakimu: natumia uniti 60 kwa mwezi, daraja jipya linaniongezea kiasi hiki, na kiasi hicho kingepatikana kwa kupunguza upotevu kutoka hapa hadi pale. Watu watano wa mtaa mmoja wakikaa na maombi kwa jioni mbili, mmoja akiwa mwalimu wa hesabu, wanaweza kuandika kurasa mbili za namna hiyo. EWURA CCC wapo kwa ajili ya kusaidia kazi hiyohiyo, na wana kamati mikoani.

Uamuzi ukishatoka, asiyeridhika anaweza kuomba mapitio na kukata rufaa Baraza la Ushindani, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa hiyo nakala ya uamuzi itafutwe siku unapotoka. Isomwe hadi kurasa za mwisho. Amri ya bei huja na masharti kwa shirika: punguza upotevu hadi kiwango fulani, kusanya madeni, leta taarifa kwa tarehe fulani. Magazeti huandika asilimia iliyopanda na kuyaacha masharti. Mwaka unaofuata, shirika likirudi na maombi mapya, swali la kwanza ukumbini liwe juu ya yale ya zamani, sharti moja baada ya jingine, na lipi limetekelezwa.